Sabuni Yenye Picha ya Mtoto

Mama mkwe wangu hakuwa mtu mbaya. Ninaliandika hili mapema kwa sababu kila nikiisimulia habari hii, kabla sijafika katikati, mtu anatikisa kichwa na kusema wakwe ndivyo walivyo. Hapana. Yule mama alinipenda, na alimpenda mwanangu zaidi, na ndiyo maana hasira yangu ilikosa pa kutua kwa miaka mingi.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike, wakati biashara ilikuwa imefunguliwa na bidhaa zinamiminika kupitia mpaka wa Holili. Waliozaliwa baadaye hawawezi kuelewa. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kufulia majani ya mpapai na kupanga foleni kwa kipande cha sabuni ya mche. Ghafla madukani pakajaa sabuni za kila rangi, zimefungwa kwenye makaratasi yanayonukia hata kabla hujayafungua. Tulikuwa na kiu ya vitu. Nani angeuliza kilichomo ndani?

Kwetu mlimani mwanamke akijifungua hashiki jembe wala hatoki nje kwa miezi mitatu. Anapikiwa mtori wa ndizi na nyama, anapewa maziwa na mlaso, ile damu ya ng'ombe inayopikwa na siagi, na kazi yake ni kula na kunyonyesha. Siku ya kutoka anavikwa kitenge kipya na kupelekwa sokoni, kwetu ilikuwa Kwa Sadala, apite katikati ya watu aonekane. Wanawake wanaacha kupima maharage wanamtazama. Wakimkuta amenenepa na ngozi imetakata kuwa nyeupe kwa kukosa jua, sifa zote ni za mkwe aliyemtunza. Akitoka amekonda na mweusi vilevile, mkwe huyo atasemwa mpaka kwenye uwanja wa kanisa.

Mimi ni mweusi tii. Kunenepa nilinenepa, lakini wiki zikapita na rangi yangu ikakaa palepale. Mama mkwe akawa ananigeuzageuza mkono wangu dirishani, haridhiki. Ndipo mpwa wake aliyekuwa akichukua bidhaa ng'ambo ya mpaka akamletea ile sabuni. Kwenye karatasi palikuwa na picha ya mtoto mchanga anacheka ndani ya povu. Ilinukia hospitali.

"Hii ni ya dawa," mama mkwe aliniambia. "Inaua wadudu wote na inatakatisha ngozi. Oga wewe, na mjukuu wangu tumuogeshe hiyohiyo. Si unaona wenyewe wameweka mtoto?"

Alimuogesha yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa maji aliyoyajaribu kwa kiwiko. Povu aliliacha likauke mwilini kwa mtoto ili dawa iingie. Alikuwa akimwimbia kwa Kichagga huku anampangusa katikati ya vidole. Nikikumbuka mikono ile ilivyokuwa taratibu, mpaka leo nashindwa kumalizia chakula.

Nikawa mweupe kweli. Wageni waliokuja kuniona walipiga vigelegele mlangoni. Na mtoto naye viganja na nyayo zikaanza kuwa na wekundu mzuri, wekundu wa mtoto wa Kizungu. "Mae! Huyu mmemtoa Ulaya?" aliuliza jirani mmoja, na mama mkwe akacheka kwa furaha. Tuliusifia ugonjwa. Tuliukaribisha, tukaupa kiti, tukaupikia.

Kisha mtoto akaanza kutoka jasho usiku na mchana. Akawa analia akiona mwanga, anaficha uso kwenye titi langu bila kunyonya. Ngozi ya vidole ikaanza kubanduka, nywele zikabaki kwenye kanga. Shingo iliyokuwa imeshaanza kukaza ikalegea tena. Nikamwambia mama mkwe nataka kwenda naye hospitali, Moshi mjini. Mume wangu alikuwa kazini kwenye mashamba ya miwa kule chini, hakukuwa na mwingine wa kumwomba.

"Bado hujatoka," alisema. "Ukionekana barabarani sasa hivi watasema nimeshindwa kukulisha. Subiri kidogo. Huu ni upele wa joto tu." Akaongeza kumuogesha, mara tatu kwa siku sasa, maskini, kwa ile dawa.

Nilisubiri siku chache, halafu asubuhi moja sikumuuliza mtu. Nilimfunga mtoto mgongoni nikashuka katikati ya migomba hadi barabarani. Mama mkwe alinifuata huku akiniita. Alipoona sigeuki, alivua kanga yake akamfunika mtoto jua, tukaenda wote wawili.

Daktari aliangalia viganja vya mtoto, halafu akaniangalia mimi usoni kwa muda mrefu. Akauliza tunaoga nini. Mama mkwe alikuwa na kipande cha ile sabuni kwenye mkoba, bado kimefungwa na karatasi yake, amekibeba ili mjukuu asikose hata huko. Alikitoa kwa fahari. Daktari alikipokea na kusema sabuni hiyo ina zebaki, kwamba ni sumu, imepita kwenye ngozi ya mtoto na pengine hata kwenye maziwa yangu. Figo zilikuwa zimeshachoka. Mama mkwe akamwonyesha karatasi. "Lakini wameweka mtoto," alisema. "Angalia, daktari. Wameweka mtoto."

Mwanangu alifia pale hospitalini. Tulimzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, chini ya migomba, na mimi nikiwa mweupe na mnene, nimependeza kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Siku ya kutoka ilipofika sikwenda sokoni. Nilichukua jembe nikateremka kwenye shamba letu la mahindi kule tambarare, nikalima kichwa wazi kwenye jua kali, siku baada ya siku, mpaka rangi yangu ikarudi. Nilimchukia mama mkwe kwa nguvu zangu zote. Sikujua kwamba wiki hizohizo alikuwa amebeba kile kipande cha sabuni hadi kwa bwana afya kuuliza nani aliyeruhusu iuzwe. Niliambiwa baadaye na mpwa wake. Bwana afya alimwambia yeye anakagua nyama na vyoo, sabuni hazimhusu, siku hizi soko ni huria. Kisha akainusa na kusema mbona inanukia vizuri.

Miaka ilipita. Nilizaa wengine, na sikumruhusu awaogeshe. Hakuwahi kuomba. Alikaa pembeni akitazama beseni, mikono ameificha chini ya kanga.

Siku ambayo redio ilitangaza kwamba sabuni zenye zebaki zimepigwa marufuku, tulikuwa jikoni, yeye amezeeka sana, anachambua maharage. Alinyanyua kichwa.

"Wamesema marufuku kuanzia lini?"

"Kuanzia leo, mama."

Aliacha kuchambua, kiganja kikabaki ndani ya maharage.

"Kwa hiyo mpaka jana ilikuwa ruhusa," alisema.

Nilimsogelea nikakaa naye kwenye mkeka, kwa mara ya kwanza tangu hospitalini. Nikaushika mkono wake, na tukalia pamoja mpaka maharage yakachelewa kuinjikwa.