Siku Nilipoomba Programu Iharibike

Émérance mnamjua? Binti wa katekista, yule mwembamba anayechaji simu za watu kwa sola pale sokoni Kasongo, mkabala na meza yangu ya maandazi. Akinyamaza utadhani anajivuna. Hajivuni, anawaza. Mimi namsema sana kwa sababu nampenda. Mtu nisiyempenda simpotezei mate yangu.

Ndiye aliyetutengenezea Nimefika, programu ya simu. Mume wangu Yakubu ni motari, anabeba watu na mizigo kwa pikipiki mpaka Kabambare, na sisi wake wa mamotari tulikuwa tunashinda roho juu. Njiani hakuna rezo, yaani mtandao wa simu, na huko Kabambare rezo ya kuongea inakuja na kuondoka kama homa. Lakini neno dogo la kuandika linapenya. Motari anafungua ukurasa wa Émérance kwenye simu, anaandika anatoka wapi na mzigo gani, akifika anabonyeza, na sisi huku tunasoma: Yakubu amefika. Siku hiyo nakula nikashiba.

Mwaka huu Émérance akaanza kukonda. Nikamuuliza kuna nini.

"Mama Chadia," akasema, maana Chadia ndiye binti yangu wa kwanza, "programu yangu imesimama juu ya kiunzi cha zamani. Wenyewe waliokitengeneza wamekiacha. Iko toleo jipya. Sijui nihamie ao nibaki."

"Kiunzi ndiyo nini?"

"Ni zile nguzo na fito za nyumba. Mimi nimekandika udongo tu juu yake."

"Na nyumba inavuja?"

"Haivuji."

"Sasa unabomoa nini? Mutoto wewe, kitu kinatembea, unakigusia nini?"

Mamotari wote walimwambia hivyo hivyo, usiguse, na kwa makelele mimi nilikuwa wa kwanza. Ukurasa ule ukifa, nani ataniambia kama Yakubu yuko mzima?

Ndipo akanipa nusu ya pili ya habari. Kile kiunzi cha zamani kimeonekana kina tundu. Mtu mwenye roho mbaya anaweza kupenya humo, akasoma nani ametoka Lusangi, saa ngapi, na amebeba nini. Anaweza hata kuandika kwa jina la mwenziwe. Kutoka Lusangi watu wanabeba dhahabu. Mwizi wa barabarani angetaka nini zaidi?

"Kumbe ukigusa hatari, usipogusa hatari," nikasema.

"Ndiyo maana chakula hakipiti, Mama Chadia."

Nikamwambia hamia. Kesho yake nikamwambia usithubutu. Alinivumilia, maskini. Mwishowe akaamua mwenyewe: alisimamisha toleo jipya pembeni, la zamani likiendelea na kazi, akawa anaomba simu za watu soko zima kulijaribu. Simu ya Yakubu ilikuwa ya mwisho, ile kuukuu yenye kioo kilichopasuka. Ikaonyesha weupe mtupu. Nilicheka, tena kwa ubaya. Émérance akainama akatengeneza mpaka ikafunguka.

"Kesho nahamisha," akasema. "Ikikataa, narudisha ya zamani mara moja."

Kesho hiyo Yakubu akatoka alfajiri kwenda Kabambare.

Émérance akahamisha, na mchana majina yakaanza kuingia. Gaston amefika Nyangwe. Roger amefika Lusangi. Kwa kila jina Émérance alipiga makofi. Yakubu, kimya. Ikafika alasiri, saa ambayo siku zote huwa amekwisha kubonyeza, bado kimya. Jua likateremka. Maandazi yakaungua kwenye mafuta, nami nikayaangalia tu.

"Programu yako ni mbovu!" nikamfokea.

"Inafanya kazi, Mama Chadia. Angalia, wenzake wote wame..."

Akakatiza. Alikuwa amesikia alichosema, na mimi nilikuwa nimesikia. Kama programu ni nzima, basi shida iko kwa Yakubu.

Wallahi sijawahi kuomba dua kama ile. Ee Mola, ijalie hii programu iwe imeharibika. Iwe takataka kabisa. Mtoto wa watu apate aibu mbele ya Kasongo nzima, lakini mume wangu awe mzima.

"Tafuta kosa," nikamwambia.

"Natafuta." Anaitafutia ubaya kazi yake mwenyewe, na nilijua anaomba kile kile ninachoomba mimi.

Mara akashika kichwa. "Iko maneno yamezuiwa!"

Toleo jipya lilikuwa limeyaweka kando. Yametoka kwenye simu ya Laura, anayepikia wasafiri kule Kabambare, na mwenye kuyaandika anasema yeye ni Yakubu. Programu imeona simu si ya Yakubu, ikamfungia. Zamani haikuwa inajali, na mamotari wetu ndiyo desturi yao: simu moja yenye chaji inasemea watatu.

"Lakini nitajuaje ni yeye?" akasema. "Pengine ni mwizi kweli."

"Ameandika nini?"

"La kwanza, Yakubu amefika. La pili, Yakubu amefika jamani. La tatu..." Akaona haya.

"Soma!"

"Wewe mashine mupumbavu, betri yangu imekufa, mimi ndiye Yakubu, nani mwingine anataka kuwa Yakubu kwa barabara hii? Ambia Mama Chadia nimefika, asije akaanza matanga."

Nilipiga yowe soko zima likageuka. "Ni yeye! Mwizi atautoa wapi mdomo kama ule?"

Émérance akaruka, anacheka na machozi yanamtoka. "Imeharibika, Mama Chadia! Programu yangu imeharibika!"

"Alhamdulillahi!" nikasema.

"Asante Yesu!"

Tulikumbatiana mpaka mafuta ya maandazi yakaipaka blauzi yake. Kisha akajipangusa uso. "Basi nirudishe ile ya zamani?"

"Thubutu! Mlango uliomfungia Yakubu nje, na mwizi utamfungia. Mpe kila motari neno lake la siri, akiazima simu agonge nalo."

"Nitafanya hivyo," akasema. Akachukua andazi moja lililoungua, akalila lote, akachukua la pili. Nami nikakaa chini pale pale mbele za watu, nikalia kwa raha, wala sikuona haya.