Salamu za Tumaini kwa Mheshimiwa

Niliondoka Njombe kwa sababu ya mchicha. Mdogo wangu Tumaini, muuguzi huko Minnesota, alinipigia simu kwamba shamba analokodi kulima mchicha huenda likauzwa lijengwe nyumba. Kama nataka kuliona, niwahi. Nilikuwa na shida yangu ya aina hiyohiyo: jirani yangu Mgaya kila wiki aliniomba nimuuzie shamba aliloacha mama, maana mji unasogea. Nikamwambia asubiri nirudi.

Uwanja wa ndege wa Minneapolis, Tumaini alinipokea na koti mkononi. Kwao baridi ilikuwa inaaga, lakini kwa kujivuta. “Kaka, vaa kwanza, salamu baadaye,” alisema. Sikuwahi kumwona akiahirisha salamu, nikajua baridi ile si ya mchezo.

Tulipita Saint Paul, akanionyesha kuba jeupe la bunge la jimbo, kisha tukashika njia ya kaskazini hadi Blaine anakoishi. Nyumba mpya zilijipanga pande zote, zimefanana. “Hapa palikuwa na viazi,” alisema. “Pale mahindi. Sasa ni nyumba tu, na usipo-drive hufiki hata dukani.”

Asubuhi tulikwenda shambani. Mwenye shamba, Mzee Karl, alikuwa mrefu na mchache wa maneno. Alitueleza kwamba kodi ya ardhi inapanda kwa sababu ya nyumba za jirani. Bungeni kulikuwa na mswada wa kumtoza mkulima kwa kile anacholima, si kwa bei ya viwanja. Usipopita, atauza. Tumaini alikuwa na mbegu zake kwenye mfuko wa koti, hajui azipande au azirudishe kabatini. Ukimwona kazini ni muuguzi. Pale alikuwa mtoto wa mama yetu kabisa, na nilimwonea huruma.

Jioni ile mbunge wao alikuwa na mkutano na wapiga kura katika ukumbi wa shule. Alisema vizuri, kuhusu biashara ndogo na urithi wa kilimo. Alimsifu babu yake aliyefyeka pori, na baba yake aliyekamua ng'ombe hata siku za theluji. Kuhusu ule mswada alisema tu kwamba bado unajadiliwa. Kisha watu wakaruhusiwa kuuliza, kila mmoja dakika mbili.

Tumaini alisimama. Sasa, kwetu humvamii mtu na ombi kabla ya kumjulia hali. Akamuuliza habari za kazi, mama watoto, watoto wenyewe. Nilitamani kumvuta sketi. “Na baba yako hajambo?” akaendelea. “Lile shamba lake, siku hizi analima nani?”

Kengele ikalia. Ombi lilikuwa bado halijatoka.

Mheshimiwa alitazama chini. “Baba yuko kwenye nyumba ya wazee,” alisema. “Shamba tuliliuza. Sasa pana maduka.” Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mzee Karl. Alisimama, akasema hana la kuongeza, akaketi.

Kwenye gari Tumaini alilia. “Nimeharibu, Kaka. Nimemaliza muda wote kwa salamu, hata sijaomba.” Nilikuwa namtafutia leso. Mara Mzee Karl akagonga kioo.

“Ulipomuuliza, nikajiuliza shamba langu atalima nani,” alimwambia Tumaini. “Baada yangu, sijui. Mwaka huu namjua. Panda.”

Siku yangu ya mwisho kule tulipanda, mimi na Tumaini, matuta manne ya mchicha na maboga kando. Mswada ulikuwa bado bungeni, na Mzee Karl hakuahidi zaidi ya msimu mmoja. Tumaini alikuwa anaimba, kama alivyoimba zamani tukipalilia na mama. Niliondoka nikiwa na udongo wa Blaine kwenye kucha.

Njombe, sijafungua hata begi, Mgaya akabisha hodi. “Karibu,” nikasema. “Habari za nyumbani? Mama watoto? Yule kijana wa sekondari? Ng'ombe amezaa? Na shamba la marehemu baba yako, siku hizi analima nani?”

Mgaya alitazama chini kama yule Mheshimiwa, akanywa chai, akaaga. Alichokuja kuomba hakukitaja.