Gari Haziingii Toledo

Kitambaa chenye unyevu kikiguswa na chuma cha moto hutoa harufu ambayo sijaweza kumweleza mtu asiyeijua. Si ya sabuni, wala si ya moshi. Ni kama mvua imenyesha ndani ya nyumba. Mwaka 2015 nilikuwa Louisville, upande wa Okolona, nikifanya kazi mahali wanapofua mashuka ya hospitali. Kila asubuhi mashine kubwa ya pasi ilipoanza kumeza shuka la kwanza, harufu ile ilinijia puani, nami nikawa tena mtoto wa miaka minane, nimeketi mkekani karibu na Shangazi Feza, mguu mmoja umenyooka mbele yangu kama mpini wa jembe.

Shangazi Feza, dada wa baba yangu, alipiga pasi nguo za misheni, kwetu kwenye milima ya Kivu Kusini. Pasi yake ilikuwa ya makaa. Alinyunyiza maji ya wanga wa muhogo kwa vidole, akapuliza makaa, akaanza. Ukutani mbele yake ilining'inia kalenda aliyopewa na Masera, yule mtawa wa Kihispania aliyesimamia zahanati. Mwaka wa kalenda ile ulikuwa umepita siku nyingi, lakini Shangazi hakuiondoa. Kila mwezi ulikuwa na picha ya mji mmoja wa zamani wa Hispania, na Masera, akija kuchukua nguo zake, alimsimulia huu na ule. Baada ya miaka kadhaa Shangazi alizungumza habari za Avila na Segovia kama mtu anayezungumza habari za soko la Jumatano.

Mguu wangu nao ulikuwa na kisa chake. Nilipanda mparachichi kufuata tunda moja ambalo, nawaapia, lilikuwa limeiva, nikashuka kwa njia fupi. Paja likavunjika. Nilikaa na plasta ngumu hadi nikaizoea kama kaka. Walipoifungua, Masera aliuminya mguu, akaukunja, akasema, "Mfupa umepona. Bado mwenye mfupa." Akamwambia mama kwamba nisipotembea upesi, goti litakakamaa na huenda nisitembee sawasawa tena.

Nilikataa. Kila nilipogusisha unyayo chini, tumbo lilianguka upya kutoka mtini. Shule ingefunguliwa baada ya wiki mbili, nayo ilikuwa ng'ambo ya mto. Mama alikuwa na kitoto kichanga, na kwetu husema mgongo mmoja haubebi wawili. Jioni moja nilimsikia baba upande wa pili wa ukuta akisema, "Basi abaki nyumbani. Tutafanya nini?" Nililia kimya kimya, lakini sikusimama.

Siku ya pili yake, asubuhi, Shangazi hakwenda kazini. Alikuja amevaa kitambaa chake cha Jumapili, mkononi mwavuli mweusi wa misheni, nyuma yake Neema, binti yake, rika langu.

"Bon, batoto," akasema, "leo tunaenda Espanya. Tunatembelea miji tatu, jioni tunarudi."

Neema akacheka. "Mama, mvua iko wapi? Mwavuli ni ya nini?"

"Kule mwenye kuongoza wageni anainua mwavuli hata kama hakuna mvua. Masera ameniambia. Wageni wanafuata mwavuli. Mwenye kubaki nyuma atalala Espanya, na kule hawapikake ugali."

Nikasema mimi sitembei. Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la kijinga sana. "Nani alikuambia utembee? Avila tunaenda na gari." Akachuchumaa, akanipakia mgongoni.

Avila lilikuwa tanuri la matofali la jirani yetu, refu, la mraba, limekandikwa udongo pembeni. Nilikuwa nimelipita mara mia. Lakini Shangazi aliuzungusha mwavuli wake na kusema, "Ukuta wa Avila. Hakuna adui aliyeingia. Tazama minara," nami nikaiona minara. Tulilizunguka lote, mimi juu ya gari langu, Neema akihesabu malango ambayo hayakuwepo.

Segovia tulifika jua limepanda. Pale maji ya zahanati yalivuka korongo katika bomba lililolazwa juu ya nguzo za miti, na bomba lilivuja kila kiungo. Shangazi akaeleza kwamba watu wa kale walijenga daraja la mawe si kwa ajili ya watu bali kwa ajili ya maji, maji yatembee juu, watu wapite chini. Tukapita chini. Matone yakaniangukia utosini, ya baridi, nikapiga kelele za furaha. Jasho la mgongo wake lilikuwa limelowesha gauni langu. Sikujali. Abiria hajali jasho la gari.

Kisha tukafika chini ya kilima cha mhunzi. Mto umekizunguka pande tatu, na njia ya kupanda ni nyembamba, kati ya matete. Shangazi akachuchumaa, akanishusha kwenye jiwe.

"Toledo," akasema. "Hapa kunatengenezwa panga ambazo wafalme walizitafuta. Tena masera wa kule wanapika vitamu vya kushinda vyote. Lakini gari haziingii Toledo."

"Kwa nini?"

"Vichochoro ni vyembamba. Hata askofu anashuka. Hata Masera yetu, siku alienda, alitembea."

Nilimtazama Neema, nikitumaini atacheka tena. Hakucheka. Shangazi akavunja tete moja nene, akanipa. "Hii ni fimbo ya wageni. Sheria moja tu: mwenye kuongoza hageukake nyuma. Akigeuka, Toledo inakimbia." Akainua mwavuli, akaanza kupanda, Neema nyuma yake.

Nilimwita. Hakugeuka. Nikamwita kwa sauti ya kufa. Mwavuli uliendelea kupanda, mweusi juu ya matete, taratibu. Nilimchukia sana. Niliona mwavuli ukikaribia kona, na nikajua ukipita kona nitabaki peke yangu Hispania. Nikashika tete kwa mikono miwili, nikasimama. Tumbo likaanguka. Mguu haukuanguka. Nikakanyaga, nikalia, nikakanyaga tena. Sikumbuki kona. Nakumbuka mlio wa nyundo juu ukizidi kuwa karibu.

Mhunzi, Baba Mapendo, alinyanyua uso kutoka kwenye fuawe. "Karibuni Toledo," akasema bila kutabasamu. "Huyu mgeni analia nini? Wafalme hawanunui panga na machozi." Akaingiza mkono nyuma ya mivukuto, akatoa kifurushi cha karatasi: karanga zilizoshikana kwa sukari. Zilikuwa vitamu vya masera. Nilikula zote za kwangu na moja ya Neema.

Tulirudi kwa miguu. Shule ilipofunguliwa nilivuka mto nikichechemea, tete mkononi. Na tangu hapo mguu huo haujatulia. Nilipita kambi mbili za wakimbizi, nikaletwa Amerika, nikauza viatu Reynoldsburg, nikahamia Louisville, na kila mahali nilianza kuulizia kilicho mbele kabla sijafungua mizigo.

Nilifika ujanani ndipo nikajiuliza karanga zilifikaje nyuma ya mivukuto. Lakini hilo lilikuwa jambo jepesi. Lile zito lilinisubiri hadi mwaka ule wa 2015, Neema aliponipigia simu kutoka Buffalo, huko huko Amerika, walikohamishiwa yeye na mama yake.

"Dada, Mama anakataa kabisa. Wamemubadilishia goti, donc ilipaswa atembee tangu wiki ya kwanza. Anakaa tu. Yule wa mazoezi anasema goti likikauka, hatasimama tena."

Nilipanda basi. Columbus nilibadilisha gari na kunywa chai mbaya nikiwa nimesimama. Mbele zaidi, karibu na ziwa, nikaona kibao kikubwa cha barabarani: Toledo, mji wa Amerika wenye jina lile lile, mshale ukielekea kulia. Nilicheka peke yangu hadi jirani akahama kiti.

Neema alinipokea na nguo zake za kiwandani, kazi yake iko Tonawanda. Shangazi Feza aliketi dirishani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mjukuu wake alimsalimia kwa Kiingereza, yeye akajibu kwa Kiswahili, kila mmoja na upande wake.

"Shangazi, nimeona kibao cha Toledo njiani."

"Si nilikuambia si mbali?" Kisha akageuza uso. "Usianze, mama. Nimezeeka. Naogopa."

Nilikwenda mlangoni, nikachukua mwavuli wa Neema, nikauinua humo humo ndani. Shangazi akaonyesha kiti chake cha magurudumu.

"Na ile?"

"Gari haziingii Toledo, Shangazi."

"We Riziki," akasema. "Umenirudishia." Lakini alikuwa anacheka.

Nilimwekea kigari cha kutembelea, kile cha kuegemea chenye miguu minne, mbele ya mikono yake, Neema akasimama karibu naye, nami nikatoka kwenye korido ndefu ya jengo lile, yenye zulia la kijani na milango inayofanana. Nikaanza kutembea. Kwanza hakukuwa na sauti yoyote. Nikapita mlango mmoja. Nikapita wa pili. Shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka. Mwavuli ulikuwa unatetemeka mkononi, na hapo nikakumbuka, waziwazi kama ni leo, kwamba na ule mweusi juu ya matete ulikuwa unatetemeka. Nilidhani ni upepo.

Nyuma yangu miguu ya kigari iligonga sakafu. Kimya. Ikagonga tena.

Mwisho wa korido palikuwa na dirisha. Nikauinua mwavuli juu zaidi, nikaendelea, bila kugeuka.