Mto Uliokataa Kupanda

Nyangwine alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na sita, na aliyemfundisha ni mimi. Nalisema mapema kwa sababu nimelikwepa miaka mingi, na sasa nimechoka kulikwepa.

Nilifika Kerobanga mwaka 1975, msichana wa Natta, kwenye nyika kavu, mwenye sanduku moja la mbao na barua ya kufundisha elimu ya watu wazima. Kijiji kilikuwa hakijatimiza hata miaka miwili. Watu wake walikuwa Wakurya wa milimani, waliohamishwa wakati wa operesheni ya vijiji na kupangwa mistari minne ya nyumba kwenye tambarare ya Mto Mara, upande wa Tarime, pale mto unapoanza kupotea ndani ya mafunjo. Huko walikotoka walijua mawe, baridi na ng'ombe. Maji waliyajua ya kisima. Kukaa kando ya mto mkubwa hawakuwa wamewahi, na hakuna aliyewauliza kama wanaweza.

Darasani Nyangwine alikaa mbele kabisa, amejifunga shuka, magoti yamegusa meza. Nikiingia anasimama kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi namwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba akiwa bado amesimama, darasa zima linakufa kwa kicheko. Herufi zilimpiga chenga miezi minane. Namba zilimwingia kwa wiki mbili. Akaanza kuhesabu kila kitu: nguzo za zizi, hatua za kwenda kisimani, mbegu kwenye gunzi.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "mtu atakuambia hivi leo na vile kesho. Namba haina unafiki."

Nikamwambia kilichoandikwa sawasawa hakibishaniwi. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilijiona mwalimu kweli.

Mwaka uliofuata watu wa maji walikuja na Land Rover. Walijenga nguzo ya zege kwenye ukingo wa mto, wakaifunga bati refu jeupe lenye mistari na namba nyeusi, wakauliza nani kijijini anajua kusoma namba. Watu wote waligeuka kumwangalia mtu mmoja. Alipewa daftari na penseli: saa tatu asubuhi aandike maji yamefika namba ngapi, na saa tisa alasiri tena. Kazi ilikuwa hiyo tu, lakini aliishika kama padri anavyoshika misa.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rubeni, akaongeza utaratibu wake. Pale dukani ilisimikwa nguzo ya kupandishia kitambaa. Maji yakiwa chini ya mita mbili na nusu, kipeperushwe cheupe, kipande cha gunia la unga. Yakizidi hapo, kipande cha blanketi jekundu, rimu ya lori igongwe, na watu wote wahamie kilima cha shule. Lazima nieleze kwa nini ilihitajika ruhusa hata kukimbia maji. Miaka ile ukionekana na godoro kichwani ukielekea vilimani, umetoroka kijiji, na waliotoroka walirudishwa kwa namna ambayo hakuna aliyetaka kuisimulia. Namba ya Nyangwine ndiyo iliyokuwa ruhusa pekee. Kaya themanini na mbili zililala kwa kuitegemea.

Mama yake, Ghati, alipewa nyumba ya kwanza ya mstari wa chini, iliyokuwa karibu zaidi na mto kuliko zote. Kila alasiri Nyangwine akitoka kupima alisimama mlangoni kwa mama yake, akamtajia namba kabla hajamtajia mwenyekiti. Mama anaitikia kutoka ndani, "Haya, mura," yaani kijana wangu, basi mtu anaendelea na safari.

Januari 1978 kiboko aliigonga nguzo ya zege ikavunjika kiunoni. Agizo lilikuwa wazi: likitokea la kutokea, bati litunzwe, barua iandikwe, watu wa maji waje wenyewe. Nyangwine hakuweza kukaa siku hata moja bila namba. Alikata mti mgumu, akalipigilia bati juu yake, akatafuta pa kuusimika. Ukingoni udongo ulikuwa umebomoka. Hatua kumi na tano ndani ya mafunjo akapata mahali pagumu, pana nyasi fupi, ambapo ndama wawili walikuwa wanakula. Aliruka pale mara tatu kupima. Hapakudidimia. Akachimba, akasimika, akashindilia.

Nashoni alimwona. Huyu alikuwa mvuvi, Mjaluo, aliyezaliwa na kukulia kwenye maji yale, na mtumbwi wake ulikuwa unapita karibu.

"Omera," alimwambia, yaani ndugu yangu, "hapo si nchi. Hapo panapumua."

Nyangwine alinisimulia jioni ile darasani na tukacheka wote. Tulisema Wajaluo na mambo yao ya majini. Mtu wa mlimani anajua kwamba mahali ng'ombe anaposimama ni ardhi. Nami wa Natta nilicheka kuliko wote, na nikiikumbuka sauti ya kicheko changu mpaka leo naona haya.

Masika yalianza Machi yakapitiliza. Mvua ilinyesha kwetu kidogo, lakini upande wa Kenya, mto unakotoka, mbingu ilikuwa nyeusi siku baada ya siku, na radi zake tulizisikia kwa mbali. Kila mtu alimwangalia Nyangwine. Tarehe tatu Mei aliandika moja nukta sita mbili. Alasiri moja nukta sita mbili. Kesho yake vilevile, asubuhi na alasiri. Kitambaa kikabaki cheupe.

Siku ya tatu nilifurahi. Siku ya nne niliandika namba hiyo ubaoni nikawaambia wanafunzi wangu watazame jinsi mto wetu ulivyotulia. Siku ya tano nilifungua daftari lake nikaona ukurasa mzima una namba moja tu, imeandikwa kwa mkono uleule wa kujikaza, mstari chini ya mstari, na nikaona kuna kitu hakiko sawa. Sikujua ni kwa nini. Nilifunga daftari nikamrudishia.

Kulikuwa na mengine pia. Vyura waliokuwa wakitukosesha usingizi walinyamaza siku moja wote, bila mmoja kuchelewa. Siafu waliingia mstari wa chini, hawakuuma mtu, wakapanda kuta na kutulia kwenye paa. Ng'ombe waliacha kula. Walisimama mchana kutwa juu ya vichuguu, kimya, wote wanatazama upande wa mafunjo. Kisimani kamba ya ndoo, ambayo ilikuwa mikono tisa, ilitosha kwa mikono mitatu, halafu kwa mmoja. Wanawake walisema kisima kimebarikiwa. Walisema hivyo kwa sauti ndogo, na walianza kwenda wawili wawili. Mto wenyewe haukuonekana. Tuliona mafunjo tu, mabichi, marefu, yanayumba pole pole hata pasipo upepo.

Siku ya nane asubuhi Nyangwine alikuja nyumbani kwangu. Hakuwahi kuja nyumbani kwangu. Shuka lake lilikuwa limelowa mpaka mabegani.

"Mwalimu, njoo uone," alisema. "Bati limenipa mgongo."

Nilimfuata. Tulipita njia yake ya kila siku, na maji yalikuwa magotini pale nilipotegemea matope. Tulipofika nilisimama. Bati lilikuwa pale, limesimama wima, hatua chache mbele yetu, ila tuliona upande wake wa nyuma, wenye misumari. Siku zote lilitazama njia. Sasa lilitazama mtoni.

"Nani amelichomoa?" niliuliza.

"Halijachomolewa. Nimegusa shina. Nyasi zake ni zilezile, na jiwe nililolikandamizia lipo." Alizunguka kwa shida, maji yakimfika kiunoni, akachungulia namba. "Moja nukta sita mbili," alisema.

Niliogopa. Nasema wazi niliogopa, mwalimu mzima mwenye cheti. Nilifikiri juu ya mikono ambayo ingeweza kuugeuza mti ule bila kuhamisha jiwe, na nikatamani kuondoka pale mara moja.

Nashoni ndiye aliyetutoa. Alikuwa anakuja na mtumbwi katikati ya mafunjo, mahali ambapo mtumbwi haujawahi kupita, na alipotuona hakutusalimu.

"Ingieni," alisema. "Hicho kisiwa kimekatika, kinageuka."

"Kisiwa gani?" Nyangwine aliuliza.

Nashoni alichoma upondo wake pembeni ya nyasi zile fupi, palipokuwa na shina la bati. Upondo uliingia, ukaingia, mpaka mkono wake ukagusa maji, na haukufika chini. "Haya ni mizizi na majani yaliyooza. Kiangazi yanalalia matope, masika yanaelea. Maji yakipanda yanapanda nayo, yakishuka yanashuka nayo. Nilikuambia Januari. Bati lako limepanda na mto, omera. Litakusomea hiyo hiyo hata siku maji yakifika Tarime mjini."

Nyangwine hakubisha. Alimwomba ampeleke kwenye kisiki cha nguzo ya zege, kwenye ukingo wa kweli. Masika yote aliyopima, maji yalifika magotini pa mtu aliyesimama kwenye msingi wa ile nguzo, yeye alikuwa anajua. Alishuka akiwa ameshika kamba ya mtumbwi, akapapasa kwa miguu mpaka akaupata msingi, akasimama. Maji yalimfika kifuani, na yalikuwa yanakwenda kasi kiasi kwamba Nashoni alilazimika kujifunga kamba kiunoni. Mto ulikuwa umetunyemelea siku nane, mpole, chini ya majani, na sisi tumepandisha kitambaa cheupe.

Mwenyekiti Rubeni alitusikiliza akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuitwa wilayani mara mbili kujibu kwa nini kaya fulani zilirudi milimani.

"Daftari linasemaje?" aliuliza.

"Moja nukta sita mbili," Nyangwine alijibu.

"Kwa hiyo nikagonge rimu kwa namba hiyo? Niwahamishe watu wote, halafu niambiwe nionyeshe daftari?"

Nyangwine alinigeukia. "Mwalimu, naandikaje ambalo bati halikusema?"

Nilitaka kumwambia aandike tatu tu, nani atajua. Nilimtazama nikajua mkono wake usingekubali. Basi nikamwambia aandike alichosimama ndani yake. Alichukua penseli, akaandika pole pole, herufi zile zilizomtesa miezi minane: *Maji kifuani kwangu. Namba za wiki nzima ni uongo. Kosa ni langu, Nyangwine.* Mwenyekiti alisoma mara mbili. Alitaka ushahidi wa maandishi, na sasa aliupata. Akanyanyuka akaenda mwenyewe kugonga rimu.

Ilikuwa saa saba mchana. Watu walitoka kwa haraka ambayo iliniambia walikuwa wakingoja tu kuruhusiwa. Ng'ombe hawakuhitaji kufukuzwa, walitangulia. Nyangwine alikimbia mstari hadi mstari akipiga milango, mimi nyuma yake nikibeba watoto wa watu. Mnamo saa tisa maji yaliibuka katikati ya njia, si kutoka mtoni bali kutoka chini, kwenye mashimo ya panya, bila kelele. Kilimani mke wa Nyangwine, Bhoke, alihesabu watu wa nyumba yao akamkosa mama mkwe wake, Ghati.

Tulirudi wawili. Mlango wa Ghati ulikuwa wazi, kama tulivyoupita mwanzo tukidhani ameshatoka. Chumba cha mbele kilikuwa kikavu, kimefagiwa. Nyangwine alisimama kizingitini akaita.

"Nipo," mama yake aliitikia kutoka chumba cha ndani. "Leo ngapi?"

Kwao mwanamume akishatahiriwa haingii tena chumba anacholala mama yake. Nyangwine hakuwa ameingia humo tangu ujana. Alinitazama, nikaona anataka niingie mimi, kisha akaingia mwenyewe, nami nikamfuata.

Chumba cha ndani kilikuwa upande wa mtoni, chini kidogo. Maji yalikuwa yamefika kwenye mbao za kitanda. Ghati alikuwa amekaa juu yake, amekunja miguu, kuku watatu na jembe lake na chungu pembeni. Miguu ilikuwa imevimba na ngozi imekuwa nyeupe. Kati ya chumba kile na cha mbele alikuwa amejenga tuta la udongo, refu kufika gotini, limekandwa vizuri tabaka juu ya tabaka, udongo wa siku nyingi chini na mbichi juu.

"Mama," Nyangwine alisema, "tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Mbona hukuniambia? Nilikuwa nasimama hapo kila siku."

"Ulikuwa unakuja kuniambia hayajapanda." Alivuta nguo kufunika miguu yake. "Ningetoka nje niseme kwangu kuna maji, watu wangesema mwana wa Ghati anaandika uongo. Nikaziba."

Nyangwine alilia kwa sauti, mbele ya mama yake na mbele yangu, mwanamume wa rika lake. Kisha aliinama akampa mgongo ambebe, na tukatoka naye.

Maji yalichukua mistari mitatu siku ile. Mtu hakupotea hata mmoja. Ghati alifariki Julai kwa kifua, kilimani, katika nyumba ya shule.

Nyangwine aliendelea kuusoma mto miaka kumi na moja mingine, kwa nguzo mpya waliyoijenga watu wa maji. Alikuwa bado anaandika namba. Lakini kila masika, alasiri akishamaliza, alivua viatu, akapita kila nyumba ya mstari wa chini, akabisha hodi, akaomba aruhusiwe kuingia mpaka chumba cha ndani. Wenyeji walimwachia njia, hata wake wa watu, hata wakwe zake. Alikanyaga sakafu kwa mguu mtupu, akasimama kidogo, akaenda nyumba inayofuata.