Mtu Aliyetujua kwa Majina

Juzi nilipita mbele ya karakana ya kuchomelea vyuma, fundi akiwa anapaka geti jipya ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na harufu yake ikanisimamisha pale pale njiani. Fundi akaniuliza kama nataka kuagiza geti. Nikamwambia hapana, nikabaki nimesimama. Akili yangu ilikuwa imekwisha kurudi Igogo, mtaa niliokulia, kwenye nyumba yetu iliyokaa chini ya mawe makubwa, mwaka ule baba alipoamua kutuzungushia chuma kila upande.

Ilikuwa miaka ya tisini, miaka ya ruksa. Vitu ambavyo zamani tulivisikia tu kwa watu waliosafiri vilianza kupangwa madukani mjini, na kila mwenye kazi alitaka kuonja. Baba alikuwa msimamizi wa bohari katika kiwanda cha minofu ya sangara. Jioni moja alileta nyumbani televisheni na deki ya kuchezea kanda za video, vyote juu ya mkokoteni, vimefunikwa blanketi ili majirani wasijue. Blanketi lile halikusaidia kitu. Mkokoteni ulifika mlangoni ukisindikizwa na watoto wa mtaa mzima wakiimba.

Basi kuanzia siku hiyo tukapata televisheni, tukapoteza utulivu. Mbwa akibweka kwa jirani, baba aliweka kijiko chini akasikiliza. Jiwe dogo likiteleza huko mlimani, mama alituangalia mmoja mmoja, kama anatuhesabu. Akaja fundi akaweka nondo madirishani, kisha mlango wa pili wa chuma mbele ya ule wa mbao, na kwa siku kadhaa ugali wetu ukanuka rangi. Mama, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni na ambaye hakuogopa mtu, alizunguka nyumba akaitazama kazi ile, akasema, "Baba Koku, hiki sasa ni kizimba cha kuku."

Baba hakucheka. Alikuwa Mhaya wa zamani, mnyoofu kama rula, mtu wa maneno machache. Ripoti yangu ya shule ikija na namba nzuri, aliisoma yote, akaikunja, akasema, "Ongeza bidii." Basi. Mdogo wangu Deo, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, yeye aliambiwa, "Kaa vizuri."

Lakini kwenye mambo ya usalama baba alikuwa mwalimu hasa. Alitupanga sebuleni akatufundisha. Mtu akibisha hodi, usifungue. Uliza ni nani. Usiseme kamwe kwamba wazazi hawapo, sema, "Baba anaoga." Tulilishika somo. Siku katekista wetu alipokuja kuleta ujumbe wa jumuiya, Deo alimwambia kupitia dirishani kwamba baba anaoga. Mzee wa watu akakaa kwenye jiwe kusubiri. Aliposubiri mpaka akachoka, akauliza je, mama? Deo akajibu, "Na mama anaoga." Habari hiyo ilifika kanisani kabla yetu.

Tuliishi na dada mmoja aliyemsaidia mama kazi, jina lake Limi. Alikuwa msichana mkubwa wa Kisukuma, kwao Busisi, ng'ambo ya ziwa, mpole, mwenye mazoea ya kufikiri kwanza halafu ndipo aseme. Akisema, herufi za l na r zilibadilishana viti mdomoni mwake, nasi tulimcheka, naye alicheka pamoja nasi.

Ilikuwa likizo, mchana wa jua kali. Bomba letu lilikuwa limekauka, kwa hiyo Limi alichukua ndoo kwenda kuteka maji kwa jirani wa chini. Alinipa ufunguo, nikafunga mlango wa chuma kwa ndani. Hata sijakaa, nikasikia, "Hodi wenyewe!"

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu mfukoni. Nikamuuliza ni nani.

"Natoka kazini kwa baba. Wewe bila shaka ndiye Koku."

Nikajibu nilivyofundishwa, "Baba anaoga."

Alicheka, tena kicheko kizuri cha mtu mzima anayependa watoto. "Baba yako nimemwacha bohari sasa hivi, mama. Wewe ndiye Koku unayemsomea bibi yako gazeti mkienda kumtembelea, si ndiyo? Baba anasema unasoma kama mtangazaji wa redio, mpaka bibi anasahau kwamba haoni. Na huyu ni Deo, aliyeimba kanisani Krismasi mpaka akina mama wakafuta machozi."

Deo akajificha nyuma yangu, akatoa kichwa. Yule mtu akaendelea kwamba baba amemtuma achukue ile deki yetu inayotafuna kanda, na televisheni yake pia, fundi avipime pamoja. Na kweli deki yetu ilitafuna kanda. Lakini niwaambie ninyi nisichoweza kumwambia mtu siku zile: hata kama asingeitaja deki, ningefungua. Sikuwahi kuyasikia maneno ya namna ile juu yangu. Nilitaka aingie ili aendelee kuyasema.

Hakuyasema tena. Alipoingia alikuwa mtu mwenye haraka. Alichomoa nyaya, akavua shuka la kitanda cha wazazi, akafunga televisheni na deki kwa pamoja, na jasho likaanza kumtoka shingoni likalowesha ule ukosi uliopigwa pasi. Hapo ndipo nilipojua. Nilimshika Deo mkono, nikamvuta ukutani.

Alipotoka na mzigo wake barazani, Limi alikuwa anaingia uani, ndoo kichwani.

Hakuitua. Alisimama njiani, akamtazama yule mtu, akatutazama sisi, akamtazama tena. Akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila." Yule mtu akaitikia kwa Kisukuma safi, akaongeza kwa Kiswahili kwamba ametumwa na Baba Koku.

"Baba Koku hawezi kutuma mtu," Limi akasema. "Kitu chake anakisimamia mwenyewe."

"Dada, nipishe. Nina haraka."

"Weka chini." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema na mgonjwa. "Nikipiga yowe, hutafika hata balabalani."

Safari hii sikumcheka. Karibu na soko, pale tulipovukia kwenda shule, palikuwa na doa jeusi juu ya lami, na vipande vya nyaya nyembamba zilizobaki baada ya tairi kuungua. Sisi watoto tulikuwa tukiliruka bila kulikanyaga. Mama aliwahi kutuvuta mikono tupite haraka, akasema tu, "Hapo walimkamata mtu." Mtaa wetu ulikuwa na watu uani, wengine wakifua, wengine wakicheza bao. Sauti moja tu ya Limi ingetosha.

Nao walisimama hivyo. Ndoo iliyumba kichwani mwa Limi, maji yakamwagika yakamshukia usoni, asiyapanguse. Yule mtu naye alikuwa akimsoma. Halafu akainama, akauweka mzigo juu ya benchi polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Akasema, "Asante, dada." Akampita, akatoka getini akitembea, bila kukimbia, akawasalimia wacheza bao, nao wakamwitikia.

Ndipo Limi alipotua ndoo, akakaa chini mavumbini, akatuita, akatukumbatia wote wawili mpaka nguo zetu zikalowa.

Ningependa kuwaambia kwamba baba alirudi akamshukuru. Haikuwa hivyo. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Akamuuliza Limi, "Kwa nini hukupiga yowe?"

"Wangemuua, baba."

"Na wewe una uchungu gani na mwizi? Anawajua watoto wangu kwa majina. Anajua deki yangu ina ugonjwa gani. Kaongea na wewe kilugha. Nani kamwambia?"

Limi akafikiri kama kawaida yake, na kule kufikiri kukamponza. Baba akageuka kwa mama akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mama aligomba jioni ile yote. Alisema nyumba inalindwa na watu, si nondo, na aliyeilinda ni huyu. Hakuna aliyemshinda mama kwa maneno, lakini asubuhi Limi aliondoka na mfuko wake wa nailoni. Mama alimsindikiza stendi, akarudi, na kwa muda mrefu akawa anamwandalia baba chakula bila kusema naye.

Zikafuata wiki mbaya. Baba aliongeza kufuli. Akapandisha ukuta, juu yake akapanda vipande vya chupa, na mama mmoja jirani aliyezoea kutupitishia mboga juu ya ukuta hakuupitisha tena mkono wake. Mimi sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Kwa kuwa yule mtu alijua habari za Deo kuimba, niliamini kwamba alikuwepo kanisani. Basi Jumapili sikusikia misa, nilikuwa nakagua migongo ya wanaume waliovaa mashati meupe. Deo aligoma kuimba. Akiulizwa jina na mgeni, alifumba mdomo. Na kila mtu aliyeniita Koku njiani, hata mwalimu wangu, nilijiuliza amelipata wapi jina langu.

Jumapili moja alikuja mzee Masanja kutupa pole. Alikuwa anafanya kazi na baba, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza chumba, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kwetu. Nilimpa shikamoo. Badala ya kuitikia marahaba kama watu wote, alinishika mabega akapaza sauti, "Huyu ndiye yule wa gazeti! Na huyu mwimbaji! Jamani, nimewaona kwa macho!"

Akatugeukia sote, akicheka. "Baba yenu huyu! Asubuhi pale kwa mama muuza supu hatunywi kwa raha. Ni Koku hivi, ni Deo vile, na deki imetafuna kanda ya watoto. Hata wapita njia wanaokaa benchi lile wanawajua hawa kwa majina."

Kikombe cha baba kilisimama katikati ya meza na mdomo. Mama alimtazama. Nilisubiri aseme, maana alikuwa na haki ya kusema mpaka mwaka uishe. Alichukua birika, akamwongezea mzee Masanja chai.

Jumamosi iliyofuata baba alinivalisha gauni la kanisani, tukapanda basi mpaka Kigongo, tukavuka kwa kivuko kwenda Busisi, kisha tukatembea. Hakuniambia tunakwenda wapi. Tulimkuta Limi nyumbani kwao akianika mihogo juu ya jiwe. Baba alianza kwa baba yake Limi, mzee mwembamba mwenye fimbo. Akampa shikamoo, akapewa kigoda, akakataa kukaa.

"Nimekuja kwa kosa langu, mzee," alisema. "Binti yako aliniokolea mali na watoto, mimi nikamwita mwizi. Limi, nisamehe."

Sikuwahi kumsikia baba akisema neno hilo. Limi alifikiri. Nyuma yetu mbuzi alikuwa anakula mihogo na hakuna aliyemfukuza.

"Yameisha, baba," akasema.

Lakini hakurudi kwetu. Alikuwa ameanza kujifunza ushonaji kwa shangazi yake, na nadhani, samahani au si samahani, hakutaka tena kulala chini ya paa ambalo alitiliwa shaka. Alitupatia matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kuanika, tumpelekee mama, akanisuka nywele upande mmoja uliokuwa umefumuka, akatusindikiza mpaka njiani.

Kwenye kivuko, wakati wa kurudi, ziwa lilikuwa limechafuka na watu wameshika vyuma. Nikamuuliza baba yule mtu alitujuaje. Alishika chuma kwa mikono miwili.

"Nilimwambia mimi," akasema, macho yake yakiwa majini.

Akili yangu ya utoto ilichukua hapo funzo dogo tu: usiseme mambo ya nyumbani mbele ya watu. Nililishika miaka mingi na kuwafundisha wengine. Ni baadaye sana, baba akiwa mzee na mzee Masanja akiwa mzee zaidi, ndipo Masanja aliponieleza kilichofuata pale kwa mama muuza supu. Baba aliendelea kufika kila asubuhi. Aliendelea kukaa benchi lile lile. Ila wenzake wakimuuliza, "Watoto hawajambo?" alikoroga supu yake, akajibu, "Wapo," na habari ikaishia hapo.

Nilipomsikia Masanja nililia. Mtu yule hakuondoka na televisheni yetu. Lakini palikuwapo mahali duniani ambapo baba yangu alikuwa anatusifu kila siku ya kazi, kwa sauti, mbele za watu, na mimi nilipata kuyasikia maneno yake mara moja tu, tena kutoka kinywani mwa mwizi, wiki chache kabla hayajakoma.