Kunguru Niliyemnyonyoa Bawa

Usiniambie niliota. Yalinipata nyumbani kwangu Bondeni, saa nane mchana, jua linawaka.

Kazi yangu ni kuchonga wanyama wa filamu kwenye kompyuta. Mwaka ule nilipewa dinosaria, yule mla nyama wa kale mwenye manyoya ya ndege. Mwili ulikaa sawa, ila mkono ulinitoa jasho: manyoya yalionekana yamebandikwa tu. Nikaona, kwa nini nijisumbue na kunguru wamejaa paani? Nikamnasa mmoja kwa tenga, nikamnyonyoa bawa moja angali hai, unyoya mmoja mmoja, nione unavyoshika ngozini. Nikayapanga mkekani, marefu hadi mafupi, nikayapiga picha. Mke wangu akaniambia nimwogope Mungu. Nikacheka. Kunguru ni kunguru, ama sivyo? Nikamtupa uani, sikumtazama tena.

Kesho yake nilibaki na binti yetu Swabra, wa miaka sita, amelala chumba cha ndani. Mke wangu hupaka watu hina, kwa hiyo wanawake huingia na kutoka. Nikasikia hodi ya mwanamke. Nasi kwetu, mke wa watu akiingia, mwanamume huinamisha macho. Niliona pindo la buibui tu. "Pita ndani, dada," nikamwambia, "mwenyewe yuaja." Nikarudi kwa dinosaria wangu.

Baada ya nusu saa nikaona aibu mgeni kukaa bila hata maji, nikampelekea.

Niamini. Swabra alikuwa ameketi kitandani, machozi yanamtiririka, mdomo wazi, sauti haitoki. Kichwa chake kilikuwa kitupu, na kila tundu la unywele lilikuwa na kitone cha damu. Nywele zake zilikuwa mkekani, moja moja, ndefu hadi fupi. Yule mwanamke hakugeuka. Buibui lake lilining'inia upande mmoja, halina mkono ndani.

"Nilitaka nione zinavyoshika," akasema, kwa upole kabisa.

Nikapiga yowe, na yule mwanamke hakuwapo tena. Chumba kile hakina mlango mwingine.

Leo Swabra ana miaka kumi. Madaktari wamechoka, masheikh wamesoma mpaka wamechoka, na unywele hata mmoja haujaota. Dinosaria yule walimsifu sana, wakasema manyoya yake yako hai. Nawe unayenisikiliza, ukitaka kujua kiumbe kimeumbwaje, kitazame kwa macho, mikono yako iache.

Mimi nimekoma, lakini kukoma kwangu kunamfaa nini Swabra? Kila asubuhi akifungwa mtandio wa shule huniuliza, "Baba, siku ile nilikuita sana. Mbona hukuja?"

Nami nilichosikia siku ile ni kunguru analia, nikafunga mlango nipate kufanya kazi.