Ufunguo Uliokaa Nje ya Mlango

Enzi zetu, wenzangu, mtoto hakupangiwa miadi ya kucheza. Ulisimama katikati ya barabara ukaita jina la mtu, naye akatoka na kipande cha mkate mdomoni. Wengi wenu mkisoma hivyo mnakumbuka Kisumu, Moshi au Bujumbura. Mimi nakumbuka Gozo, kisiwa kidogo jirani na Malta, katikati ya Bahari ya Mediterania. Nikisema hivyo hapa Stockholm watu hunitazama, halafu hunitazama tena. Naam, mimi huyuhuyu mtoto wa Nakuru. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya meli, akapata kazi kwenye feri inayovusha watu kati ya Gozo na Malta, akatuita tumfuate: Mama, mimi niliyekuwa na miaka minane, na mdogo wangu Daudi.

Kisiwa chenyewe, jamani, kilikuwa kitamu. Nyumba zote zilijengwa kwa mawe ya rangi ya asali, na jioni jua lilipozipiga hungetaka kuingia ndani. Asubuhi ilipita honi ya gari la mkate, kisha la samaki, kisha la mafuta ya taa, kila moja na mlio wake, na Daudi aliweza kulitaja kabla halijakata kona. Mkate ulikuwa na ganda la kuvunja meno. Uliusugua kwa nyanya iliyokatwa, ukaumwagia mafuta ya zeituni na chumvi, ukaenda nao baharini, na mafuta yakakufuata mpaka kwenye viwiko. Maji yalikuwa maangavu hata ukiwa umezama hadi kifuani uliweza kuhesabu vidole vyako vya miguu. Niliwafundisha wenzangu kucheza kati, ule mchezo wetu wa kukwepa mpira, nao wakanifundisha kuchuma matunda ya dungusi bila kuchomwa na miiba, somo ambalo sikulishika vizuri. Na dukani nilipomsikia muuzaji akihesabu kwa lugha yao "hamsin, sittin", nilikimbia kumwambia Baba kwamba kuna mtu wa Mombasa pale kona.

Lakini Mama hakuyaona haya. Mama alikuja na kufuli. Kufuli kubwa la shaba, alilolinunua Nakuru na kulibeba kwenye sanduku katikati ya nguo za kanisani, kwa sababu aliambiwa ugenini kuna wezi. Siku ya kwanza tulipofika alikuta ufunguo wa nyumba yetu umechomekwa mlangoni upande wa nje, barabarani kabisa. Alishika kichwa. "Hawa watu wana wazimu? Si basi waandike tu, wezi karibuni!" Akauchomoa, akaingia, akafunga, akatia na komeo. Mlango wa nyuma akautia lile kufuli.

Miezi minne ikapita bila mtu kubisha hodi. Ng'ambo ya barabara aliishi mjane mmoja aitwaye Chensa, aliyeketi kizingitini mwake tangu asubuhi akifuma lesi juu ya mto mrefu kama wa kulalia, vijiti vya nyuzi vikigongana. Alitutikisia kichwa tukipita, basi. Mama, mwanamke ambaye Nakuru hakuweza kuchambua mchele bila majirani wawili kando yake, alianza kuongea na sufuria. Siku moja nilimsikia akimwambia Baba, "Hawa watu hawatutaki. Miezi minne, hata wa kuomba chumvi hajaja! Krismasi haitanikuta hapa. Nachukua watoto, narudi nyumbani." Mimi nilikwenda kulia chini ya shuka, kwa maana nilikuwa nimeshapata rafiki, Rita, na bahari ile nilikuwa nimeipenda kupita kiasi.

Rita huyo ndiye aliyenifumbua macho. Tulikuwa tunatoka shule, akaniuliza, "Mama yako anafanya kazi wapi? Mbona hayuko nyumbani kamwe?"

Nikamwambia yuko, kila siku yuko.

Akasimama. "Sasa ufunguo uko wapi?"

Kumbe kule ufunguo wa nje ulikuwa na maana yake. Ukiwepo, mwenye nyumba yupo, zungusha uingie. Usipokuwepo, ametoka au hataki watu, na kumbishia ni utovu wa adabu. Mtaa mzima ulikuwa ukisema yule mama Mkenya ana maringo, tangu afike hataki kuonana na mtu. Naye yuko ndani analia kwamba hawamtaki.

Sikumwambia Mama. Ningemwambia, angeniuliza nani amenituma kupeleka mambo ya nyumba yetu barabarani, na mwiko haukuwa mbali. Jumamosi iliyofuata, Baba akiwa kazini, niliondoa komeo polepole, nikauchomeka ufunguo kwa nje, nikaketi na Daudi kwenye ngazi za ndani tukingoja. Nilijua kama kisiwa kile kina mwizi hata mmoja, na akapita siku hiyo, nimekwisha.

Nusu saa haikufika. Mlango ulisukumwa, Chensa akaingia bila hodi, mkononi sahani iliyofunikwa kitambaa, akatupita, akaenda moja kwa moja jikoni. Nikasikia Mama akipiga yowe, "Yesu wangu!" Nilipofika, Mama alikuwa ameinua mwiko, Chensa ameinua sahani, wanatazamana. Kisha Chensa akaitua sahani mezani, akavuta kiti, akaketi, akachungulia sufuria, akauliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Nini hii?"

Mwiko ukiwa bado juu, Mama akajibu, "Githeri. Mahindi na maharagwe."

Chensa akanyoosha mkono akaomba kijiko.

Kufika adhuhuri wanawake watano walikuwa jikoni kwetu, na Mama alikuwa akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tutoke Nakuru. Walipoondoka aliniita. Nikajua leo ni leo. Akanishika sikio, akalivuta kidogo, akaliachia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Lakini wahenga hawakuniambia kwamba mgeni mwenyewe hapigi hodi." Krismasi ilitukuta hukohuko.

Tulikaa miaka sita, na sijaishi pengine palipokuwa na raha vile. Jumapili kabla ya misa Mama alipeleka trei yake kwa mwoka mikate pamoja na wanawake wengine, kila trei na kibati chake cha namba, zikaivie kwenye tanuri moja. Siku moja trei zikabadilishana, familia fulani ikala viazi vyetu vya nazi na pilipili, na wiki iliyofuata mama wa nyumba hiyo alikuja kuuliza vinapikwaje. Wakati wa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, bendi ilipita chini ya madirisha na karatasi za rangi zikamwagwa kutoka kwenye roshani mpaka tukatembea ndani yake. Lile kufuli la shaba liliishia kwenye banda la kuku la Chensa.

Mkataba wa Baba ulipokwisha tuliondoka na feri ya alfajiri. Baba alifunga mlango, akataka kumpelekea mwenye nyumba ufunguo wake. Mama akamnyang'anya, akauchomeka kwa nje. "Wacha ukae," alisema. "Wajue tupo."

Leo niko Bredäng, mtaa wa pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya tatu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Zamani tulitembea na mashada ya funguo, siku hizi milango mingi tunaifungua kwa simu. Nafungua milango mingi kwa siku, na baadhi ya wale wazee hakuna mwingine anayeingia kwao ila sisi tunaolipwa. Nyumbani nina kijana wa miaka kumi na saba. Kengele ikilia bila taarifa hukodoa macho, ananiuliza kwa Kiswidi, "Har du bjudit någon?" Yaani, je, nimealika mtu? Marafiki zake wenyewe hutuma ujumbe kwamba wamefika, na wamesimama hapo hapo mlangoni! Sisi tulipewa mikono ya kubisha, hawa wamepewa vidole gumba.

Mama alitutoka mwaka jana, Nakuru. Siku alipotimiza mwaka nilitoka kazini mapema, nikapika githeri, nikachomeka ufunguo kwa nje. Mwanangu akasema ni hatari. Nikamwambia akae kitako. Saa moja ikapita, ya pili ikapita, chakula kikaanza kupoa, nami nikaanza kujiona mjinga. Nilimlilia Mama pale mezani, kwa sauti, mbele ya mtoto.

Ndipo kengele ikalia. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama mzee wa Kiswidi. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikimsalimu kwenye lifti, na jina lake nalijua kwa kulisoma mlangoni pake. Alikuwa ameuchomoa ufunguo wangu, ameushika kwa vidole viwili. "Umeusahau mlangoni," aliniambia.

"Sikuusahau," nikasema. Nikamweleza palepale kizingitini, machozi hayajakauka, habari za kisiwa, za Chensa, za Mama. Alitazama ndara zake, akatazama mlango wake, nikajua anatafuta neno la kuagia. Halafu akanyoosha shingo kidogo kuelekea jikoni.

"Ni nini hicho kinachonukia?" akauliza.

Gozo ilichukua nusu saa. Bredäng imechukua miaka kumi na mmoja. Nilimvutia kiti, nikamwambia mwanangu alete kijiko.